Ngao Safi Mno

Rafiki yangu kanionyesha jeshi lake la mezani: wapanda farasi wa Roma ya karne ya 4, sanamu za milimita 28, kazi ya brashi yake mwenyewe. Mkono anao, sibishi. Hata dhahabu ya kofia ni sahihi. Ile iliyopatikana Deurne, Uholanzi, mwaka 1910 ilifunikwa fedha iliyopakwa dhahabu.

Shida ni ngao. Kazinakili kutoka Notitia Dignitatum kana kwamba ni picha za kamera. Jamani, nakala zilizobaki ni za karne ya 15 na 16. Ile waliyoinakili imepotea!

Na vumbi je? Jasho? Mwaka 378, pale Adrianople, wapanda farasi wa Roma walikimbia, askari wa miguu wakachinjwa. Hawa wa mezani wanang'aa tu. Hofu hawaijui.