Mchoraji na Kisasili: Ajax katika Mitungi ya Exekias

Katika uhakiki wa sanaa ya Ugiriki ya kale pamekuwa na mazoea ya kuichukulia michoro ya mitungi kuwa ni vielelezo tu vya tenzi. Mshairi ndiye asemaye; mchoraji huitikia. Kwa mtazamo huo, kila mchoro hutafutiwa beti ulikotoka, na zisipopatikana, hudhaniwa kwamba mchoraji alifuata utenzi uliopotea. Udhaifu wa mtazamo huu hudhihirika katika mitungi miwili ya Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens wa karne ya 6 K.K.

Mtungi wa kwanza, uliochimbuliwa Vulci nchini Italia, umehifadhiwa Vatikani. Exekias ameutia sahihi kama mfinyanzi na kama mchoraji pia. Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troy, wameketi wakielekeana, na kati yao pana mchezo wa kubahatisha. Karibu na vinywa vyao yameandikwa maneno: Achilles atamka “nne”, Ajax “tatu”. Tukio hili halimo katika tenzi za Homer. Hata hivyo maana yake ni nzito. Homer humtaja Ajax kuwa shujaa bora baada ya Achilles. Exekias ameikamilisha hukumu hiyo kwa tarakimu mbili. Tena Achilles amevaa chapeo yake, ilhali ya Ajax imewekwa juu ya ngao iliyo nyuma yake. Mikuki haijaachwa mikononi: wachezao wamo vitani bado. Migongo yao iliyoinama hufuata mviringo wa mtungi, na nakshi za mavazi zimechanjwa kwa ncha kali katika weusi wa rangi. Hapa fani na maudhui havitengani.

Mtungi wa pili uko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Achilles amekwisha kufa, na silaha zake amepewa Odysseus. Ajax, aliyeona kwamba haki ni yake, alipatwa na wazimu akachinja mifugo akidhani anawaua maadui. Alipozindukana, hakuweza kuivumilia aibu. Wachoraji kadhaa wa Kigiriki walimwonyesha akiwa maiti juu ya upanga wake. Exekias amekataa njia hiyo. Ajax wake yu hai, amechutama peke yake kando ya mtende, anashindilia udongo ili upanga usimame wima. Paji la uso limekunjamana. Mbele yake imeegemezwa ngao yenye uso wa Gorgon, na chapeo isiyo na mvaaji. Kinachoonekana si kifo bali ni kazi ya mikono: utulivu wa mtu anayetengeneza jambo asilotaka liharibike. Msiba umo katika utulivu huo.

Takriban karne moja baadaye, Sophocles aliitungia tamthilia habari hiyo hiyo, akampa Ajax hotuba ndefu kabla ya kujiua. Kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba mchoraji alimfuata mwandishi huyo. Tenzi za zamani zilizosimulia kifo hicho zimebaki vipande na muhtasari tu. Hazitoshi kuthibitisha kwamba tukio hili la mtende na udongo lilitoka kwao.

Yaweza kupingwa kwamba mitungi hii haikutengenezwa iwe jozi, na kwamba kuisoma pamoja ni kuibebesha maana isiyo yake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hadhira ya Exekias ilikijua kisa chote. Aliyemwona Ajax akitamka “tatu” alijua mwisho wake. Mchoraji aliutegemea ujuzi huo kama fanani anavyoutegemea ujuzi wa wasikilizaji wake. Baada yake, mchezo wa mashujaa hao ulichorwa katika mitungi zaidi ya 100, na wengi wakamwongeza mungu wa kike Athena katikati. Kila mmoja alisimulia upya.

Basi si sahihi kuuliza tu ni utenzi upi uliozaa mchoro. Swali lenye tija ni: kati ya nyakati zote za kisa, kwa nini mchoraji alichagua huu? Watafiti wa fasihi simulizi wamekwisha kuacha kuisaka matini moja “asilia” na kuwahesabu wengine wote kuwa waigaji. Mfinyanzi wa Athens naye anastahili haki hiyo: ahesabiwe miongoni mwa wasimulizi.