Disleksia na Tahajia ya Kiswahili: Uhakiki wa Tafiti za Ubongo kwa Kuzingatia Mazingira ya Likawage, Kilwa

Tafiti za ubongo na usomaji zimesimama juu ya lugha chache: Kiingereza kwanza, kisha Kifaransa, Kiitalia, Kifini na Kichina. Kiswahili hutajwa mara chache, na kikitajwa husifiwa kwa tahajia yake nyepesi ambayo mtoto huimudu mapema. Kutoka kwenye sifa hiyo ni rahisi kuteleza hadi kwenye hitimisho jingine, kwamba lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa haina disleksia. Hitimisho hilo likikubaliwa, mtoto anayefika darasa la pili bila kujua kusoma hubaki na maelezo matatu tu: ni mvivu, ana akili nzito, au hakufundishwa. Uhakiki huu unadai kuwa tahajia nyepesi haiondoi disleksia bali huificha. Unadai pia kuwa vipimo vinavyotumika nchini huongeza maficho hayo.

Likawage, kata iliyo upande wa bara wa wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, inafaa kuwa kipimo cha hoja hiyo. Katika bara hiyo ya Kilwa, Kiswahili cha shule hukutana na Kingindo na Kimatumbi vya nyumbani, na herufi za Kilatini hukutana na herufi za Kiarabu za madrasa. Nadharia ya usomaji inayodai kuwahusu wanadamu wote haina budi kueleza pia usomaji wa mtoto wa mahali kama hapo.

Kazi inayonukuliwa zaidi katika uwanja huu ni ya Stanislas Dehaene, ambaye kitabu chake cha mwaka 2009 kilieneza wazo kuwa kusoma hakukuzaliwa na ubongo. Maandishi yana umri wa miaka elfu chache tu, muda ambao hautoshi kwa ubongo kujijengea kiungo kipya. Kwa mujibu wa Dehaene, msomaji huazima sehemu iliyokuwa ikitambua sura za vitu, iliyo upande wa kushoto, mpakani mwa kisogo na panja, na kuifundisha kazi ya herufi. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 63 wa Brazili na Ureno. Wengine hawakuwahi kujifunza kusoma, wengine walijifunza ukubwani, na wengine walisoma tangu utotoni. Mwitikio wa sehemu hiyo kwa maandishi uliongezeka kadiri uwezo wa kusoma ulivyoongezeka, hata kwa waliojifunza wakiwa watu wazima.

Matokeo hayo yana uzito kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaoyanukuu. Kama mafunzo ndiyo yanayoijenga sehemu hiyo, basi ubongo wa mtu ambaye hakufundishwa na ubongo wa mtu aliyefundishwa asishike vitaonesha upungufu mahali pale pale. Picha ya ubongo iliyopigwa baada ya mtoto kushindwa kusoma haiwezi, kwa nguvu zake yenyewe, kueleza sababu ya kushindwa huko. Kwa mtoto wa Paris aliyekaa miaka mitatu mbele ya mwalimu mwenye vitabu vya kutosha, sababu ya kukosa mafunzo inaweza kuwekwa kando. Kwa mtoto wa shule ya kijijini yenye darasa lililofurika na kitabu kimoja kinachosomwa na wengi, haiwezi. Hapa ndipo nadharia inapohitaji ushahidi wa namna nyingine, yaani ushahidi uliokusanywa kabla mtoto hajaanza kusoma.

Ushahidi huo upo, nao umetoka Finlandi, nchi ambayo lugha yake huandikwa kwa utaratibu unaokaribia ule wa Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Heikki Lyytinen na wenzake waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, wakiwemo waliotoka katika familia zenye historia ya disleksia. Tofauti za namna ubongo unavyopokea sauti za lugha zilionekana mapema mno, kabla ya kitabu, mwalimu wala herufi. Aidha, watoto wa Kifini waliokuja kuwa na disleksia hawakujulikana hasa kwa kusoma maneno kimakosa. Walijulikana kwa kusoma polepole na kwa shida, na kwa kukosea tahajia walipoandika.

Utafiti wa Paulesu na wenzake (2001) unaafiki jambo hilo. Wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza walionesha upungufu wa utendaji mahali pamoja katika upande wa kushoto wa ubongo, ingawa Waitalia walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao. Tatizo lilikuwa moja na sura zake zilikuwa mbili. Ni vema kukumbuka, hata hivyo, kwamba waliopimwa ni watu waliokwisha kufika chuo kikuu. Walikuwa wamevuka. Utafiti huo hausemi lolote kuhusu Mwitalia aliyeachia shule njiani, na huyo ndiye anayefanana zaidi na mtoto anayejadiliwa hapa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, kazi ya Alcock na Ngorosho (2003) ndiyo inayopaswa kuwa mlango wa mjadala, na inashangaza jinsi inavyopitwa. Watafiti hao walionesha, kwa watoto wa Tanzania, kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye utaratibu si kazi ndogo, na kwamba makosa ya watoto yana mpangilio. Msomi aliyezoea kusema kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa hana budi kujiuliza kinatamkwa na nani. Herufi m katika mbuni, yule ndege, ni sehemu ya silabi ya kwanza. Katika mbuni, mti wa kahawa, ni silabi inayojitegemea. Maandishi hayatofautishi. Ngoma na ng'ombe hutenganishwa na alama ndogo ambayo mtoto huweza kuiona kama doa la wino. Kimatumbi, kama alivyoeleza David Odden (1996), kina irabu saba, na mtoto anayekizungumza hukutana shuleni na herufi tano za irabu. Mtoto akisoma thelathini akatamka selasini, mwalimu hana njia ya haraka ya kujua kama amekosea kusoma au amesoma sawasawa kwa matamshi ya kwao. Uzito wa tahajia, kwa hiyo, hupimwa kwa umbali kati ya maandishi na kinywa cha msomaji, nao haulingani kwa Mswahili wa Kivinje na mtoto wa Kimatumbi.

Tangu mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa mwaka 2015, umahiri wa kusoma umepewa nafasi ya kwanza katika darasa la kwanza na la pili. Hatua hiyo inastahili sifa. Kasoro iko katika kipimo kilichoenea sambamba nayo, cha idadi ya maneno yanayosomwa kwa sahihi ndani ya dakika moja. Helen Abadzi alikipa kipimo hicho msingi wa kisaikolojia kwa kueleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi humwaga maneno yanayokawia kufika. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini neno si kipimo sawa katika kila lugha. Hatutawasomesha ni neno moja lenye herufi 15 na silabi saba, na linabeba kikanushi, mtenda, wakati, mtendwa na usababishi. Viwango vilivyobuniwa kwa lugha za maneno mafupi humfanya msomaji wa kawaida wa Kiswahili aonekane goigoi. Baada ya hapo, yule mwenye disleksia hupotea katikati ya kundi kubwa la wanaoitwa goigoi.

Maficho mengine ni ya darasani. Mazoezi ya ba, be, bi, bo, bu kwa kuitikia pamoja yana faida kwa lugha ya silabi wazi kama Kiswahili, na wanaoyabeza kwa jina la mbinu mpya huenda wanaharakisha. Lakini sauti ya pamoja humbeba asiyesoma. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri ya masikio anaweza kuimba ukurasa mzima huku kidole chake kikiwa kwenye mstari mwingine. Ukweli hujulikana anapopewa neno lisilo na maana, kwa mfano fubeko au nguzami, ambalo hakuna wa kumtangulia kulitamka.

Suala la madrasa limeachwa kabisa na tafiti zilizotajwa. Scribner na Cole (1981) walipowachunguza Wavai wa Liberia, wenye hati yao wenyewe, ya Kiarabu na ya Kiingereza, waligundua kuwa kila usomaji huacha alama yake: waliosoma Kurani walizidi katika namna fulani ya kukumbuka kwa mfuatano, na si katika kila jambo. Dehaene naye anaeleza kuwa ubongo, kabla ya kufundishwa, huona umbo na kioo chake kuwa kitu kimoja, na ndiyo maana watoto wengi huchanganya b na d wanapoanza. Kwa mtoto anayesoma kutoka kulia asubuhi na kutoka kushoto mchana, inatarajiwa mchanganyiko huo udumu zaidi kidogo, ingawa hilo bado ni dhana. Jambo lisilo dhana ni kwamba b iliyogeuzwa, peke yake, si dalili ya disleksia, na mwalimu anayeitumia hivyo atawatia alama watoto wasiohusika.

Malaria kali, njaa, macho na masikio yasiyopimwa huathiri pia kujifunza. Tafiti za Kilifi, Kenya, zimehusisha malaria kali ya utotoni na matatizo ya lugha. Sababu hizo huweza kukaa pamoja na disleksia ndani ya mtoto mmoja, kwa hiyo kuzitaja hakutoshi kumfutia tatizo lile jingine.

Alcock na wenzake walikwisha kuchapisha, mwaka 2000, maelezo ya vipimo vya kusoma vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiswahili, hivyo haiwezi kusemwa kuwa kazi inaanzia sifuri. Kinachosalia kwa Likawage ni vipimo vya sauti visivyohitaji herufi: kutenga silabi ya kwanza ya neno lililosikika, kurudia neno geni, kutaja haraka majina ya vitu vinavyooneshwa kwa picha. Hivi vyaweza kufanywa kwa Kingindo au Kimatumbi vilevile kama kwa Kiswahili. Mtoto anayekwama kwa lugha ya shule na kupita kwa lugha ya nyumbani anahitaji Kiswahili zaidi. Anayekwama kwa zote mbili, ilhali anasikia vizuri na amehudhuria shule, ndiye ambaye tafiti za Jyväskylä zilikuwa zikimzungumzia, na kumkaririsha darasa la pili kwa mafunzo yale yale ya kuitikia ni kumpa mwaka mwingine wa kujificha.