Steringi Hafi: Hukumu za Picha katika Vijiwe vya Ngaramtoni

Ngaramtoni ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga, chini ya Mlima Meru. Siku ya gulio watu hushuka kutoka mashamba ya mlimani, wengine hupanda kutoka nyanda za malisho, na biashara ya mahindi, maharage na mifugo ikipungua jioni huanza biashara nyingine isiyotozwa ushuru, nayo ni mazungumzo. Katika kijiwe cha bodaboda, katika chumba cha kinyozi ambamo televisheni haizimwi tangu asubuhi, na katika kile kibanda cha video ambacho Watanzania wamekiita kibanda umiza (aliyepata kukaa katika mabenchi yake hahitaji kuelezwa jina hilo), watu huhukumu picha. Husema hii nzuri, ile mbovu. Huyu ajua kuigiza, yule akariri tu. Maneno hayo huitwa porojo, na wasomi wa fasihi huyapita kama mtu apitavyo kelele za sokoni. Kuyapita huko ni hasara, kwa kuwa porojo hizo zina istilahi, zina kanuni, tena zina mabishano juu ya kanuni zenyewe. Na jambo lenye sifa hizo tatu lastahili kuitwa uhakiki.

Istilahi iliyo kubwa kuliko zote ni steringi. Asili yake ni Kiingereza, lakini ilipoingia katika Kiswahili ilibadili kazi. Kwa Waingereza neno hilo hutangulia majina ya waigizaji katika tangazo la picha. Kwa Mswahili limekuwa mtu, yule ambaye picha ni yake. Mbele yake husimama adui. Hakuna mwalimu aliyefundisha maneno hayo darasani, walakini mtoto aingiapo kibandani na picha imekwisha kuanza, swali lake la kwanza huwa: steringi ni yupi? Akijibiwa, amepewa ufunguo wa hadithi nzima. Mwanafunzi wa kidato cha sita, kwa upande wake, amefundishwa kutenga fani na maudhui, kisha kuorodhesha dhamira, muundo, mtindo, wahusika na mandhari, kama karani ahesabuye magunia ghalani. Akimaliza kuorodhesha aweza kupata alama zake zote pasipo kusema hata mara moja kama kitabu kilimgusa au kilimchosha.

Kanuni iliyojengwa juu ya istilahi hiyo yajulikana Tanzania nzima: steringi hafi. Msikilizaji wa haraka aweza kuidharau kuwa ni imani ya kitoto. Lakini kanuni hiyo imepimwa na picha zenyewe, na namna ilivyopimwa yafaa itazamwe kwa makini. Katika Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, wapo marafiki wawili, Jai na Veeru, nao wagawana ushujaa karibu sawasawa. Kisha Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, auawa kabla ya mwisho. Basi hapo kijiwe hugawanyika. Yuko atakayesema kwamba steringi wa kweli ni Veeru, na kifo cha mwenziwe ni ushahidi wa jambo hilo. Mwingine atasema picha yaweza kuwa na masteringi wawili, na mmoja akalipa kwa roho yake bei ya ushindi wa wote. Wa tatu atakasirika tu na kusema watazamaji wameibiwa. Huyo wa kwanza ailinda kanuni kwa kubadili maana ya mtu, wa pili airekebisha kanuni yenyewe, wa tatu aikataa picha kwa sababu haikutimiza ahadi. Mambo hayo matatu ndiyo yafanywayo na wahakiki wa kila nchi wanapokutana na kazi isiyoingia katika kipimo chao.

Tena iko Fist of Fury ya mwaka 1972. Mwishoni Bruce Lee awarukia watu wenye bunduki, na picha yasimama yeye angali hewani. Milio yasikika, mwili hauonekani kuanguka. Asemaye hakufa ana ushahidi wa macho, asemaye amekufa ana ushahidi wa masikio. Muhula mzima wa chuo kikuu waweza kupita juu ya swali hilo moja, kwamba katika senema lipi ni la kusadikiwa, lionwalo au lisikiwalo.

Ladha hiyo ya kubishana ina chimbuko lake. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka mingi picha ilikuwa kitu cha kutazamwa katika kundi. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya majumba ya senema ya Tanzania, ameonyesha kwa urefu jinsi kwenda kutazama picha kulivyokuwa sehemu ya maisha ya miji. Majumba yalipofifia, kundi lilihamia kibandani, na humo likapata mtumishi mpya: mfasiri. Mashuhuri wao ni Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gasper Mukandala. Mtu huyo hakufasiri neno kwa neno. Aliisimulia picha upya kwa Kiswahili, akaeleza yasiyoelezwa, akatia mzaha wake, na akawahukumu wahusika papo hapo. Matthias Krings, mtaalamu wa Kijerumani, ameiandikia kazi hiyo kwa heshima ambayo idara nyingi za Kiswahili hazijaitoa bado. Kwa mtazamaji wa kibandani, picha na hukumu yake vilimfikia katika sauti moja.

Hukumu za kijiwe huwa kali zaidi zinapogeukia picha za nyumbani. Enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, ilizoeleka picha moja kuuzwa katika sehemu mbili. Watazamaji wakalalamika juu ya geti: gari lafika, honi yapigwa, mlinzi aja polepole, geti lafunguka, gari laingia, geti lafungwa, na hadithi haijasogea hata hatua moja. Lalamiko hilo huchekesha, lakini ni uchambuzi wa muundo na wa uchumi kwa pamoja, kwa sababu geti hufunguliwa polepole ili dakika zitoshe kuuza diski mbili. Katika insha za kitaaluma mara nyingi jambo hilo lingeandikwa kwa kurasa kumi, na geti lisitajwe.

Hata hivyo kipimo cha kijiwe kina mpaka, na picha iuonyeshayo mpaka huo ilipigwa jirani kabisa. Hatari! ya Howard Hawks, yenye jina la Kiswahili, ilipigwa katika sehemu za Arusha na Momella wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, ikatolewa mwaka 1962 nchi imekwisha kuwa huru. John Wayne na wenziwe wakamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za wanyama. Mtu wa Ngaramtoni akiitazama leo ataona kwanza mambo mawili. La kwanza ni furaha ya kutambua: mlima ni ule ule, na tembo wadogo wakimbia katika mitaa ya Arusha. La pili ataligundua kwa istilahi zake mwenyewe: steringi yupo, adui hayupo. Kifaru amjeruhi mwindaji mmoja mwanzoni, na kifaru huja kukamatwa mwishoni. Kama adui yupo, basi ni mnyama wa nchi. Huo ni utambuzi wa thamani, nao watoka moja kwa moja katika swali la mtoto wa kibandani.

Lakini humo pia mna Waarusha, yaani wenyeji hasa wa Ngaramtoni. Katika sherehe yao yule mwanamke wa Kizungu, aliyeigizwa na Elsa Martinelli, apakwa rangi, apambwa, na kupewa jina la Mama Tembo. Wenyeji wacheza, wachekesha, kisha picha yawaacha na kuendelea na safari yake. Si masteringi, wala si maadui. Hakuna mtazamaji aulizaye kama watakufa, kwa kuwa picha haikumpa sababu ya kuuliza. Lugha ya kijiwe, iliyo na neno kwa ajili ya shujaa na neno kwa ajili ya mpinzani wake, haina neno lililokomaa kwa ajili ya mtu aliyewekwa nyuma ya picha ili nchi ionekane kuwa na watu. Istilahi za fani na maudhui nazo humwita mhusika mdogo, kana kwamba udogo huo alizaliwa nao.