Ratiba Iliyojaa Pomoni

Mwaka jana taasisi moja ya hapa Tarime ilinialika, kama mzee, niandamane na wafanyakazi wake katika safari ya siku mbili ya "kuimarisha umoja". Niliporejea nilibaki na fulana yao na ratiba ya kurasa mbili, iliyopigwa chapa kwa rangi. Fulana nimempa mjukuu. Ratiba nimeiweka mezani nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama nilivyosahihisha maandalio ya masomo ya wanachuo kwa miaka mingi.

Andalio lisilo na lengo mahususi nilikuwa nikimrudishia mwenyewe bila kulisoma lote. Ratiba hii imeandika neno umoja kwa herufi kubwa, lakini haikuuliza umoja huo ulivunjikia wapi. Na kila aliyekuwamo ndani ya basi alijua: mtunza stoo na karani wa malipo walikuwa hawasemezani tangu msiba mmoja ambao michango yake iliigawa ofisi nzima.

Siku ya kwanza tuliondoka saa 10 alfajiri, tukashika njia ya Nyamongo hadi Mugumu, tukaingilia Lango la Ikoma mpaka Seronera. Ratiba ilisema "kuona nyumbu wakihama", na mwezi ulikuwa Februari! Mtoto wa shule ya msingi pale Robanda, kijiji kilicho jirani na lango hilo, angewaambia kwamba Februari nyumbu wako mbali kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Huku kwetu aghalabu hupita Juni na Julai wakielekea Mto Mara. Hifadhi ya Serengeti ina kilometa za mraba 14,763, nayo haihamishi wanyama kuufuata mwaka wa fedha wa mtu.

Hata hivyo, wanyama hawakukosekana. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la viti. Wakuu wanne walipanda Land Cruiser lenye paa la kufunguka. Waliobaki, zaidi ya thelathini, tulisongamana katika basi. Wakuu walipokuta simba njiani walisimama wakatazama mpaka wakatosheka. Sisi tulipofika, simba walikuwa wameshajiingilia majanini. Wakati wa chakula wakuu walisimulia, na sisi tukasikiliza, kama kawaida ya ofisini. Sasa, ndugu msomaji, gharama yote ile ilikuwa ya kuuhamishia utaratibu wa ofisi porini?

Jioni tulirudi Mugumu, na saa 1 usiku ikaanza semina ya saa tatu juu ya moyo wa kushirikiana. Watu walioamka usiku wa manane walilala vitini. Siwalaumu, nami nililala.

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka 1988 niliwapeleka wanachuo Seronera kwa lori, nikawapa maswali 40 ya kujibu njiani. Waliinamia madaftari, twiga wakapita. Nilirudi nikijisifu kwamba tumetumia vizuri kila dakika.

Lakini ukurasa wa pili ndio ulionisikitisha. Butiama ilipewa dakika 30: makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999, nyumbani kwake Mwitongo, kaburi lake, na picha ya pamoja. Mtunza stoo, mama wa makamo, alisimama kaburini kimya. Filimbi ikapigwa. Garini akaniambia, "Mkuu, nimepita tu. Sijafika." Karani wa malipo, aliyeketi nyuma yetu, akasema taratibu, "Hata mimi, dada." Yule mama akageuka. Kabla hajafumbua kinywa, kiongozi wa msafara akafungulia muziki kwa sauti ya kupasua masikio, akauliza ni nani hakuvaa fulana kwenye picha. Tukavuka daraja la Kirumi hakuna aliyemsikia mwenziwe.

Mimi ningefuta zaidi ya nusu ya ratiba ile. Ningelala Mugumu usiku wa pili, nikaondoa semina, nikaweka kura ya nani apande gari gani, mkurugenzi na mlinzi kwa pamoja, na dereva ale meza moja nasi. Hifadhini tungeingia asubuhi tu. Alasiri tungeketi Robanda na wazee wa Kiikoma, watuambie waliishije na wanyama hao kabla ya Serengeti kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Na Butiama ningeipa mchana mzima, bila filimbi. Yapo mawe na miti ya kutosha watu wawili kukaa kando wakamaliza walilo nalo, au wasimalize.

Karatasi yenye wino mwekundu nilimpelekea kijana aliyeiandaa. Aliisoma yote kwa adabu, akanishukuru, kisha akaniuliza, "Sasa Mzee, semina niiweke saa ngapi?"