Waliokata Mkia wa Kimeng'enya

Picha za saitokromu P450 vitabuni hunikera kidogo. Utepe wa rangi umejikunjakunja, katikati kuna bapa jekundu la himu na nukta ya chuma, basi. Atazamaye hatajua kwamba kuna watu waliohenyeka miaka mingi kuipata.

Huu ni ukoo wa vimeng'enya ambao, hasa kwenye ini, huzibadili dawa nyingi tumezazo ili mwili uzitoe. Thomas Poulos na wenzake, waliochapisha umbo la kwanza mwaka 1985, hawakuanza na ini. Walimwendea bakteria Pseudomonas putida, awezaye kuishi kwa kula kafuri, hiyohiyo tunayotia kwenye sanda. P450 yake huelea majini, ilhali ya ini imejichomeka kwenye utando wa mafuta na ukiing'oa huganda madonge. Kuchagua pa kuanzia nako ni ufundi.

Kisha fuwele, nayo haiamrishwi. Njia moja ni kuning'iniza tone la protini lenye chumvi chini ya kipande cha kioo, juu ya kisima kidogo chenye chumvi kali zaidi, halafu kuziba pasipite hewa. Maji hulitoka tone kwa mvuke, polepole mno. Protini zikibanana kwa pupa huwa tope tu. Zikienda mwendo wake hujipanga safu kwa safu, hata siku moja hadubini ikaonyesha kipande chenye kingo kali, chekundu kwa ile himu. Hapo ndipo eksirei huingia, na nukta zinazotawanyika hugeuzwa kwa hesabu kuwa ramani ya wingu la elektroni, ambamo fundi huulaza mnyororo wa asidi amino kiungo baada ya kiungo.

Walichokiona kilikuwa na fumbo. Chuma kimeshikwa upande mmoja na salfa ya sisteini. Upande wa pili imelala kafuri, imeshikiliwa mahali pake na tairosini ya 96. Lakini mlango haupo! Chumba kimefungwa pande zote, kwa hiyo protini yenyewe lazima ifunguke na kujifunga, jambo ambalo fuwele iliyotulia haiwezi kulionyesha moja kwa moja.

Zamu ya wanyama ilifika mwaka 2000, katika taasisi ya Scripps, California, kwa kimeng'enya cha sungura kiitwacho 2C5. Pamela Williams, Eric Johnson, Duncan McRee na wenzao walikuwa na protini iliyokatwa mkia unaoingia kwenye utando. Mkato huo peke yake haukutosha, maana mwili uliobaki nao ulipenda kunatana, hivyo asidi amino chache zilibadilishwa pale penye kunata. Mimi hustaajabia hapa kuliko penginepo. Ukipunguza kidogo mno, fuwele haioti. Ukizidisha, unapiga picha ya maiti. Chao kilibaki hai, kikiendelea kuibadili homoni ya projesteroni.

Mwaka 2004 makundi mawili yalitoa umbo la 3A4 ya binadamu, inayoshughulikia sehemu kubwa mno ya dawa za hospitali. Miaka miwili baadaye watafiti waliingiza ketokonazoli, dawa ya fangasi, wakakuta molekuli mbili zimekaa pamoja na chumba kimetanuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ndiyo maana kimeng'enya kimoja hupokea dawa zisizofanana hata kidogo.

Poulos hakuwa amestaafu. Mwaka 2010, akiwa na Irina Sevrioukova, alionyesha ritonavir ndani ya 3A4: naitrojeni ya pete yake moja imekishika chuma chenyewe, palepale oksijeni ilipopaswa kukaa. Wanaotumia atazanavir au lopinavir dhidi ya VVU humeza na ritonavir kidogo kwa sababu hiyo. Kimeng'enya kikiwa kimezibwa, dawa ya pili hudumu katika damu kwa saa nyingi zaidi.