Nyumba Itoayo Kuliko Itwaavyo

Msomaji wangu, nyumba nyingi ni walaji tu. Hula umeme wa taa, hula moto wa jiko, na katika nchi za baridi hula mafuta mengi ya kupasha vyumba joto. Nazo hazirudishi kitu. Mali bila daftari huisha bila habari. Rolf Disch, msanifu majengo wa Ujerumani, alilifungua daftari hilo akauliza kama haiwezekani nyumba itoe kuliko itwaavyo.

Jibu lake la kwanza lasimama katika mji wa Freiburg tangu mwaka 1994, nalo huitwa Heliotrop. Ni nyumba ya mviringo, iliyojengwa kwa mbao juu ya nguzo moja, nayo huzunguka. Wakati wa baridi huuelekeza upande wake wa vioo kwenye jua, ipate joto la bure. Wakati wa hari huligeuzia jua mgongo. Juu ya paa pana bamba kubwa la sola, nalo hulifuata jua kwa mwendo wake lenyewe. Umeme ulioko katika hesabu ya mwaka ni mara kadhaa ya ule utumiwao.

Kazi hii yastahili sifa, lakini sifa isitupofushe. Nyumba ya kuzunguka ni ghali, na Disch aliijenga iwe makazi yake mwenyewe. Ujenzi haupimwi kwa mshangao wa wapita njia, bali kwa wingi wa watu wawezao kuuiga. Kwa hiyo mimi naipa daraja ya juu kazi yake ya pili: nyumba 59 zilizojengwa mjini humo mapema katika miaka ya 2000, kando ya mtaa wa Vauban. Hizi hazizunguki. Paa limetokeza mbele, likazuia jua la kiangazi lililo juu, likaliachia jua la baridi lililo chini liingie ndani. Vioo vina tabaka tatu, kuta ni nene, na hewa itokayo huiachia joto lake hewa iingiayo. Hapana ajabu, ila akili.

Hata hivyo, hesabu ya mwaka ina kificho chake. Usiku wa baridi nyumba hizo hukopa umeme wa mji, zikalipa mchana wa kiangazi. Tena, nani ahesabu moto uliochoma saruji na kuyeyusha chuma? Huko Trondheim, Norwei, wajenzi wa Powerhouse Brattørkaia, jengo lililofunguliwa mwaka 2019, walikusudia kulilipa hata deni hilo. Huo ndio uaminifu wa daftari.

Basi, tuige nini sisi tukaao karibu na Ikweta? Si vioo vikubwa, kwani hatuna baridi ya theluji, tungejioka wenyewe. Wazee wa Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba vyenye kivuli, wakapata ubaridi bila kuulipia. Mtungi uliotoboka huzibwa kwanza, ndipo ukajazwa. Mwenye kubandika sola juu ya nyumba iliyojengwa vibaya ajaza mtungi uvujao.

Kesho adhuhuri, msomaji, litazame darasa lako. Ikiwa taa zawaka na jua li utosini, umekwisha kuliona kosa la kwanza la kusahihishwa.