Uongo Wenye Tahajia Sahihi

Ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux, kwenye folda iitwayo scripts, kuna faili la maandishi matupu lenye jina spelling.txt. Lina mistari zaidi ya elfu moja, na kila mstari una umbo lilelile: neno lililokosewa, vijiti viwili vya wima, kisha neno sahihi. recieve||receive. teh||the. lenght||length. Utangulizi wake mfupi unaeleza kwamba orodha ilichukuliwa kwanza kutoka Lintian, zana ya watu wa Debian, kisha ikaongezwa kadiri makosa mengine yalivyogunduliwa ndani ya kerneli yenyewe. Programu ya checkpatch huitumia orodha hiyo kumkagua anayeandaa kiraka: ukiandika "occured" kwenye komenti, inakuonya kabla hujamtumia mtu yeyote.

Kwa asiyeandika programu, komenti ni sentensi ya kawaida ambayo mwandishi huiweka katikati ya msimbo ili binadamu mwenzake aelewe kinachofanyika. Kompyuta huiruka. Ukiandika humo tusi au orodha ya mahitaji ya sokoni, programu itakwenda vilevile. Hakuna mashine inayolalamika, na ndiyo maana makosa hujaa humo.

Nimelisoma faili hili usiku kadhaa, taratibu, na nakiri kwamba linanivutia kuliko vitabu vingi vya sarufi nilivyolazimishwa shuleni. Makosa yake yana lafudhi. Anayeandika "independant" na "persistant" huenda alizaliwa ndani ya Kifaransa, ambamo maneno hayo yana "a" pale Kiingereza kinapotaka "e". "Explicitely" nayo ina "e" ya ziada ambayo Mfaransa angeihisi iko nyumbani kwake. Nilipofika "priviledge" nilicheka peke yangu. Hiyo ni yetu. Nimeiona kwenye barua za maombi ya kazi, kwenye hotuba za mahafali, kwenye kuta za ofisi, na kwenye daftari langu mwenyewe hadi mwaka wa pili wa chuo. Huwezi kujua nani aliandika nini, kwa sababu faili halihifadhi majina, lakini unasikia kwamba kerneli imejengwa na watu ambao wengi wao walijifunza Kiingereza ukubwani, wakiwa na haraka, usiku.

Ajabu ni kwamba makosa ya komenti ndiyo yanayosahihishika. Kosa likiingia kwenye jina ambalo mashine hulisoma, limeingia moja kwa moja. Kila unapobofya kiungo na kuhama kutoka tovuti moja kwenda nyingine, kivinjari chako kwa kawaida huiambia tovuti mpya umetokea wapi, kwa kutumia neno "Referer", lenye "r" moja pungufu. Liliandikwa hivyo katika waraka wa HTTP wa 1996, RFC 1945, na seva za dunia nzima zimelisubiri hivyo tangu wakati huo. Kanuni ya baadaye inayoitwa Referrer-Policy imeandikwa sawasawa, kwa hiyo mtengenezaji wa tovuti leo analazimika kukumbuka tahajia mbili za neno moja. Unix nayo ina amri ya kuunda faili iitwayo creat, bila "e" ya mwisho. Ken Thompson alipoulizwa angebadilisha nini kama angeianza Unix upya, alitaja hiyo "e". Hata yeye hawezi kuirudisha. Programu zinazoita creat ni nyingi mno.

Komenti haina wategemezi wa aina hiyo. Unaweza kuisahihisha leo na kesho pasiharibike kitu, na kwa sababu hiyo imekuwa mlango wa uani wa programu huria. Kijana anayetaka kuingia anaambiwa: anza na kosa la tahajia. Unajifunza kunakili mradi, kuandika ujumbe wa badiliko, kutuma ombi, kusubiri msimamizi akubali. Ni ushauri mzuri. Ndio niliopewa mimi, na nikaufuata.

Kiraka changu cha kwanza kilibadilisha herufi moja. Mradi ulikuwa maktaba ndogo ya lugha ya C inayosoma faili za mipangilio, na juu ya fanksheni moja palikuwa na sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba inarudisha 0 iwapo kosa limetokea. "Occured" ilikuwa na "r" moja. Niliweka ya pili. Msimamizi alikubali kesho yake, akaweka na alama ya moyo. Nilipiga picha ya skrini nikamtumia kaka yangu, ambaye alijibu kwa kuuliza wamenilipa shilingi ngapi.

Nilipata kiboksi cha kijani kwenye ukurasa wangu wa GitHub. Sitajifanya kwamba hakikuwa na maana. Kwa sisi tunaotafuta kazi tukiwa Mwanza au Eldoret, hatuna mjomba kwenye kampuni wala cheti cha chuo kinachotambulika ng'ambo, na viboksi vile ni aina ya barua ya utambulisho. Lakini nilitaka vingine, haraka. Nikapakua codespell, zana inayopekua mradi mzima kwa sekunde chache na kubadilisha makosa yote yenyewe, na kwa wiki mbili nikawa natuma viraka kwenye miradi ambayo hata sikujua inafanya nini.

Walionitangulia kwenye tabia hiyo walikuwa wengi. Oktoba 2020 kampeni ya kila mwaka ya Hacktoberfest, iliyoanzishwa na DigitalOcean mwaka 2014, iliahidi fulana kwa atakayetuma maombi manne ya mabadiliko. Wasimamizi wa miradi waliamka na kukuta mafuriko: mtu kaongeza neno la sifa kwenye utangulizi wa mradi, mwingine kahamisha nukta, mwingine kabadilisha tahajia iliyokuwa sahihi ikawa kosa. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walibadilisha kanuni ili miradi iliyojiandikisha yenyewe ndiyo ihesabiwe. Wengi wa waliolaumiwa hadharani walikuwa vijana kutoka nchi za joto, na lawama nyingine zilinuka ubaguzi. Hata hivyo kazi yenyewe ilikuwa mbovu, na waliochoshwa nayo walikuwa na haki ya kuchoka. Kila kiraka, hata cha herufi moja, lazima mtu akifungue, akisome, akikubali au akikatae kwa adabu, na mara nyingi mtu huyo hapokei senti.

Hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba tahajia ni kazi ya watu wasio na kazi. Sikubaliani nao.

Kwa miaka mingi mwongozo wa kutuma viraka kwenye kerneli ya Linux ulikuwa na orodha ya mabadiliko madogo yaliyokaribishwa, na ndani yake yalitajwa makosa ya tahajia yanayoweza kuvuruga grep. Grep ni amri ya kutafuta neno kwenye mafaili. Fikiria mtu anayewinda hitilafu saa nane za usiku: anatafuta "length" kwenye mamilioni ya mistari, na komenti pekee ambayo ingemwambia ukweli imeandika "lenght". Hataiona. Kosa lile limemfungia mlango bila hata kumjulisha kwamba palikuwa na mlango. Waandishi wa mwongozo hawakutetea tahajia kwa sababu ya heshima ya Kiingereza. Waliitetea kwa ajili ya huyo mtafutaji.

Ningeongeza msomaji wa pili, ambaye ni mimi. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, baada ya Kisukuma na Kiswahili. Mzawa wa London akikutana na neno lililovurugwa, sikio lake hulinyoosha lenyewe. Mimi nililipeleka kwenye kamusi, kamusi ikanyamaza, na nikadhani ni istilahi ya kompyuta ambayo kila mtu anaijua isipokuwa mimi. Nusu saa iliwahi kunipotea hivyo kwa neno ambalo lilikuwa "the" tu.

Kwa hiyo silaumu kusahihisha. Ninacholaumu kina historia, na historia yenyewe inaanza na ile "r" yangu ya pili.

Miezi kadhaa baadaye nilipata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Alikuwa ametumia maktaba ile kwenye programu yake, akaamini sentensi iliyo juu ya fanksheni: 0 maana yake kosa. Msimbo wa chini ulikuwa umebadilishwa zamani, kabla yangu. Ulirudisha -1 penye kosa, na 0 pale faili lilipokuwa tupu lakini zima. Programu yake ilikuwa ikipokea -1 na kuendelea na safari kana kwamba mambo ni shwari, ikiwa na mipangilio isiyokuwepo. Alipochoka kutafuta alitumia git blame, amri inayoonyesha nani wa mwisho kugusa kila mstari, na jina lake kweli maana yake ni lawama. Mbele ya sentensi ile palikuwa na jina langu. Aliuliza kwa upole: uliposahihisha hapa, fanksheni ilikuwa inarudisha nini?

Sikujua. Sikuwa nimeteremsha macho mistari sita chini yake.

Nilijitetea kwanza, kimoyomoyo. Uongo haukuwa wangu, niliukuta. Na Git yenyewe, tangu toleo la 2.23 la Agosti 2019, inaruhusu mradi uorodheshe mabadiliko ambayo git blame iyaruke, mathalani ya kupanga nafasi au kubadilisha mtindo, ili lawama imfikie aliyeandika kweli. Mradi ule ungeweza kuniweka kwenye orodha hiyo, nikasamehewa. Lakini kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyoona kwamba jina langu lilikaa pale kwa haki. Komenti yenye "occured" ilikuwa na kasoro inayoonekana. Msomaji makini angejiuliza: huyu aliandika kwa haraka, je, alihakiki? Mimi niliiondoa alama hiyo ya tahadhari. Niliuvisha uongo shati lililopigwa pasi.

Mitandao yetu ya kijamii imejaa uhakiki wa namna hii. Mtu anaandika kwamba "akuna maji mtaani siku ya nne, mgonjwa wangu anateseka", na jibu la kwanza analopata ni "ni HAKUNA, siyo akuna". Msahihishaji amesema kweli, na anaondoka ameridhika. Mwingine atasema Kiswahili kinakufa kwa ajili ya hawa walioandika "xaxa" badala ya "sasa" enzi za simu za vitufe. Nimewahi kuwa huyo msahihishaji pia. Tahajia inampa mtu nafasi ya kushughulika na maneno ya mwenzake bila kushughulika na alichosema.

Linganisha na kazi nyingine ya komenti, iliyokuwa ngumu zaidi. LibreOffice, ambayo wengi tunaitumia pale Word inapodai malipo, ilitokana na StarOffice ya kampuni ya Kijerumani ya Star Division. Msimbo ulipofunguliwa kwa umma mwaka 2000 kama OpenOffice, ulikuwa umejaa komenti za Kijerumani. LibreOffice ilipozaliwa 2010, mojawapo ya kazi walizopewa wageni waliojua Kijerumani ilikuwa kuzitafsiri kwa Kiingereza, faili baada ya faili. Kwa juujuu ni kazi ya hadhi ileile na ya tahajia: haibadilishi hata tendo moja la programu. Lakini huwezi kutafsiri sentensi inayosema "hapa tunaruka ukurasa wa kwanza" bila kutazama kama kweli ukurasa wa kwanza unarukwa, kwa sababu Kijerumani cha komenti ni kifupi na cha mkato, na maana yake inakaa kwenye msimbo. Kazi yenyewe inamlazimisha mtu kusoma. Tahajia haimlazimishi. Zana kama codespell hazihitaji hata kujua kama neno liko kwenye komenti au kwenye barua ya mapenzi.

Kwa sababu hiyo kiraka cha tahajia naanza kukipima kwa ujumbe wake. "Fix typo", maneno mawili, haunipi chochote. Ujumbe unaosema "nimesahihisha neno hili, na nimehakikisha kwamba fanksheni bado inafanya kinachoelezwa" umeandikwa na mtu niliye tayari kumpa kazi kubwa zaidi kesho. Msimamizi anayedai ujumbe wa pili hana roho mbaya. Huenda anamfundisha mgeni kitu pekee ambacho mlango ule wa uani unaweza kumfundisha.

Nilimjibu yule mtu nikamwomba radhi, kisha nikatuma kiraka kingine. Safari hii nilisoma fanksheni nzima, na zile tatu zinazoiita, nikaandika komenti upya: -1 penye kosa, 0 faili likiwa tupu, vinginevyo idadi ya mistari iliyosomwa. Kilikaa siku kumi na moja kabla ya kukubaliwa, kwa sababu msimamizi alitaka jaribio la kuthibitisha kila nilichodai. Hakuweka alama ya moyo.

Wiki iliyopita mgeni mmoja ametuma ombi kwenye mstari uleule. Niliandika "succesfully", "s" moja pungufu, na yeye ameiongeza. Nimemuuliza kama ametazama fanksheni inarudisha nini. Bado hajajibu.